Kichupa cha Bosi

Kopo la mafuta ya jua lilikutwa uvunguni mwa kitanda, limejaa pomoni, kifuniko kimeshika vumbi. Mama mtu alilivuta, akalifungua, akachungulia ndani, kisha akakaa palepale sakafuni.

Asubuhi ile ile daktari wa ngozi alikuwa amekata kidoa kidogo ukingoni mwa sikio la binti yake, akakitia kwenye kichupa cha dawa na kusema kitapelekwa maabara ya mbali, na majibu yatachukua muda. "Huenda si kitu," alisema. "Lakini kwa mtoto mwenye ualbino, siwezi kulala na huenda. Binti anapaka mafuta yake shuleni?"

"Kila siku, daktari," mama alijibu, moyo mweupe kabisa.

Na sasa hili hapa kopo la shuleni, halijaguswa.

Alimpigia simu mdogo wake aje aamue kesi. Huyu mjomba wa mtoto alikuwa mbunifu wa vyombo vya plastiki kwenye kiwanda kidogo nyuma ya soko. Alibuni makopo, chupa, ndoo za rangi, na zaidi ya vyote vifuniko, ndiyo maana wenzake walimbandika jina la Kifuniko, nalo likamganda. Alikuwa mwembamba, mpole, na hakujua kugombeza mtoto. Kila alipojaribu kukunja uso alionekana kama mtu anayetafuta miwani yake.

Mshtakiwa alikuwa binti wa darasa la sita, nyumba nzima ikimwita Bosi, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakuwahi kuomba kitu, aliagiza tu. Alikuwa amekaa kando ya cherehani ya mama yake, plasta nyeupe sikioni, mikono kifuani.

"Haya, Bosi," mjomba alisema. "Nieleze mimi. Mama yako mwache kwanza apumue."

"Mjomba, umewahi kuchota mafuta yale kwa kidole halafu ukaandika hesabu?"

"Sijawahi."

"Jaribu. Kalamu inateleza. Karatasi inalowa mpaka unaona upande wa pili. Nikifungua kopo uwanjani mchanga unaingia, nikipaka najikwangua. Mwenzangu wa dawati nikimrudishia rula yake anaipokea kwa kitambaa, kama nimeitoa chooni." Aligusa plasta ya sikioni. "Asubuhi napaka hapa, mama anaona. Ya shuleni nilikuwa nasema nitapaka kesho."

Mama mtu aliinuka, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Mjomba aligeuza kopo chini juu. Chini yake palikuwa na alama ya kiwanda chao. Mkono wake mwenyewe ndio uliochora kopo lile, duara lake, kifuniko chake cha kusokota, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza atakayelifungua ana mikono mingapi mitupu.

"Nitakutengenezea kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Sijui bado."

"Kisichafue vidole," Bosi akaagiza. "Na kiwe cha mkono mmoja. Ule mwingine una kazi."

Kazi ikaanza. Mafuta yenyewe yalikuwa ya kutengenezwa na mfamasia wa hospitali ya ngozi, mama mmoja mtaratibu aliyeongea kana kwamba kila neno lina kipimo chake. Yalikuwa mazito kuliko losheni, lakini laini mno kusimama yenyewe kama sabuni, na yakipata joto yalilegea zaidi. Alipomsikiliza mjomba mpaka mwisho, mfamasia alimpa ndoo nzima ya kufanyia majaribio. "Ukifanikiwa," alisema, "sitakipeleka kwa mpwa wako peke yake. Nina watoto kliniki nzima wanaoficha makopo."

Mjomba alijaribu kwanza tyubu ya kubana, kama ya dawa ya meno. Bosi aliiweka kwenye begi, akalikalia begi, na mambo yakaishia hapo. Akajaribu kile cha kuzungusha chini ili kitu kipande juu, kama gundi ya kijiti, lakini mafuta yalipanda kidogo yakainama upande, yakaanguka kama mlevi. Ndipo likamjia wazo la kusukuma. Kichupa kifupi kinenenene kinachoenea kiganjani. Juu kina kichwa cha mviringo chenye matundu madogo, na kichwa hicho ndicho kinachopitishwa usoni. Ndani kuna kisahani, na chini ya kisahani kuna kijiti cha kusukumwa kwa dole gumba. Unasukuma, mafuta yanachungulia matunduni, unapaka, unafunika, unarudi kwenye hesabu zako.

Kwenye karatasi kilipendeza sana.

Kisahani cha kwanza kilibana. Mjomba alisukuma, kikagoma, akasukuma kwa nguvu zote, kichwa kikafyatuka na donge la mafuta likaruka hadi kifuani mwa mama mwenye kiwanda, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na wageni wake. Mama yule alijitazama, akamtazama yeye.

"Kifuniko," alisema, "mimi leo nimeshapaka."

Kisahani kilichofuata kilikuwa chembamba zaidi. Hicho kilipanda vizuri, ila mafuta yalipita pembeni yakashuka chini, yakamlowesha Bosi dole gumba lote. Aliliinua hewani kama ushahidi mahakamani.

Mjomba alirudi mezani kwake, akakivisha kisahani ukingo wa mpira laini, uliopinda kuelekea juu kama mdomo wa sufuria. Sasa mafuta yenyewe, yakisukumwa, yaliukandamiza ukingo ule kwenye ukuta wa kichupa na kujizibia njia. Hapo alipiga kelele ya furaha mpaka fundi wa mashine ya jirani akazima mashine akidhani kuna mtu amekatwa. Lakini ukipaka kwa kukandamiza shavuni, kisahani kilirudi chini na mafuta yakarudi nacho. Akakichonga kijiti meno, na pembeni akaweka kiulimi cha kuyakamata meno yale, ili kipande tu kisishuke. Kila ukisukuma, kililia: krik.

"Kinalia kama panzi," Bosi alisema, akikisukuma mara ya ngapi hata hesabu hakuna. Alikuwa anacheka. Mama yake, aliyekuwa anashona, aliinua kichwa kusikia kicheko kile, akasahau mguu kwenye pedali ya cherehani hadi sindano ikashona hewa.

Majibu ya maabara yalikuwa bado. Kila wiki mama alikwenda kuuliza, kila wiki aliambiwa arudi. Alikuwa ameacha kulizungumzia jambo hilo, lakini alishona mikono ya mashati kinyume na kuifumua, na chakula alikipakua vizuri kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Kiwanda kilitoa sampuli za kuwapa watoto wa kliniki wakajaribie. Mjomba alizikagua moja moja. Moja aliitupa kwenye ndoo ya taka kwa sababu kiulimi chake kililegea; ukisukuma na kuachia, kijiti kilirudi nyuma kidogo ndipo kikakamata. Siku hiyo Bosi alipitia kiwandani akitoka shule, kofia pana kichwani, akaiokota kwenye ndoo.

"Acha hicho, kibovu," mjomba alimwambia. "Kijiti kinacheza."

"Hata mimi nacheza. Tutaelewana."

"Subiri nikupe kizima."

"Cha kusubiri sikitaki," alisema Bosi, kikaingia begini.

Baada ya siku chache mfamasia alimwita mjomba hospitalini. Alikuwa amepanga sampuli mezani juu ya gazeti, na gazeti lilikuwa limelowa. Ndani ya kila kifuniko mafuta yalikuwa yamejaa. Jua la njiani na joto la darasani vimeyalegeza, yamejipenyeza matunduni yenyewe, yameenea vitabuni. Mama mmoja amerudisha daftari la mwanawe likiwa zito kama andazi.

"Wazo ni zuri," mfamasia alisema taratibu. "Ila hiki siwezi kuwapa watoto. Nisamehe."

Mama mwenye kiwanda naye hakuzunguka. Kalibu ya chuma, ile ambayo ingetoa vichupa kwa wingi, ilikuwa inakaribia kuanza kuchongwa. "Chuma kikishachongwa kimechongwa," alisema. "Nasimamisha kazi. Kama una jingine, niletee wiki hii. Kama huna, tuuze ndoo zetu za rangi."

Mjomba alitoka pale mabega yamemshuka. Alipofika kwa dada yake alimkuta Bosi uani anaanua nguo, begi la shule limetundikwa msumarini. Alijua atakachokikuta humo. Akaona heri akione sasa, aombe radhi, yaishe.

"Bosi, nionyeshe begi lako."

"La kazi gani?"

"Nionyeshe tu."

Alitia mkono kama mtu anayetia mkono kwenye maji ya moto. Madaftari yalikuwa makavu. Akapapasa chini kabisa, kukavu. Akakitoa kichupa, akafungua kifuniko, akapitisha kidole ndani. Kikavu.

"Hukitumii?" aliuliza, akiona kopo la uvunguni linarudi.

"Kimebaki nusu! Kitazame!"

Kweli kilikuwa kimebaki nusu. Mjomba alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kichupa mkononi. Alisukuma. Mafuta yakachungulia kwenye matundu. Akaachia dole gumba, na mbele ya macho yake kijiti kikarudi nyuma unywele mmoja, na mafuta yakajivuta ndani ya matundu, yakatulia kama konokono aliyeguswa.

Alisukuma tena. Akaachia tena. Yakarudi tena.

Hapo akaelewa. Vile vizuri, alivyovikagua kwa macho yote, vilikamata palepale kidole kilipoishia, na mafuta yakabaki yamebanwa. Joto likija, kilichobanwa hutafuta pa kutokea. Hiki kilichocheza kiliyaachia pumzi kidogo. Alianza kucheka. Alicheka mpaka dada yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

"Nilikitupa!" alisema, akijifuta machozi. "Dada, kile kizima nilikitupa kwenye taka!"

"Nilikuambia tutaelewana," alisema Bosi, akaendelea kuanua nguo.

Kesho yake mjomba alilegeza kiulimi kwenye mchoro, kwa kipimo, si kwa bahati. Wakatoa sampuli nyingine, wakazipanga juu ya bati la paa la kiwanda, jua la mchana limewaka. Mama mwenye kiwanda mwenyewe alipanda ngazi akazifungua moja moja, huku mafundi wamesimama chini wameinua vichwa kana kwamba wanasubiri mwezi uandame.

"Kavu!" alipaza sauti kutoka juu. Kisha, "Hii nayo kavu!" Alipofika ya mwisho alijipaka puani, akashuka na pua nyeupe, akaenda moja kwa moja kumwambia mchonga chuma aanze.

Mjomba alidhani siku hiyo angelala usingizi wa pono. Hakulala. Majibu yalikuwa bado, na kichupa, kiwe kizuri namna gani, kisingeweza kufuta jua lililokwisha kuchoma sikio la mtoto.

Simu ya hospitali ilikuja asubuhi moja kabla ya chai. Walikwenda watatu. Mama alimshika Bosi mkono njia nzima, na Bosi, ambaye siku zote hakutaka kushikwa mkono barabarani, aliuacha ushikwe. Daktari alisoma karatasi kimya, akageuza ya pili, na mjomba akatamani kumnyang'anya.

"Si saratani," daktari alisema. "Ni ngozi iliyoumizwa na jua, basi. Tumeitoa yote. Kidonda kimepona vizuri. Kinga ndiyo kazi iliyobaki, na hiyo iko mikononi mwenu."

Mama alivua viatu. Alivivua palepale ofisini kwa daktari, kimoja kimoja, akaviweka kando, akakanyaga sakafu ya baridi kama mtu aliyetembea safari ndefu akaambiwa amefika. Mjomba alijaribu kusema ahsante, akatoa sauti kama ya bawaba ya mlango. Bosi aliwatazama wote wawili.

"Kwa hiyo sifi?"

"Hufi kwa hili," daktari alisema, akijizuia kucheka.

"Haya. Mama, vaa viatu, watu wanatuona."

Walirudi nyumbani polepole, upande wa barabara wenye kivuli. Mama alisema angekaa kitandani kidogo tu, anyooshe mgongo, halafu amalizie gauni la mteja. Alilala na nguo zake, na khanga yake, mdomo wazi. Mjomba alimfunika miguu, kisha akafunika cherehani pia. Mchana ukapita, mama yumo usingizini tu. Alikoroma kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Mteja wa gauni alipobisha hodi, Bosi alitoka mlangoni na kofia yake, akaufunga mlango nyuma yake taratibu.

"Gauni langu tayari?"

"Bado. Mama amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Haumwi," alisema Bosi. "Hakuna anayeumwa hapa. Njoo kesho."