Mji Usio na Ndugu

"Vienna!" Nevena alipiga kelele dirishani.

"Istanbul!" Ognjen akamjibu kutoka juu ya banda la kuku, alikopandishwa na baba yake kuziba tundu.

Mama yao, Desanka, hakuinua kichwa. Alikuwa uani mbele ya jiko la kuni, anageuza pilipili hoho nyekundu kwa vidole vitupu, maana uma huzitoboa na utamu wote ukamwagika. Kila Septemba ni hivyo hivyo: kuchoma, kumenya, kusaga, kisha kusimama juu ya sufuria na mwiko mpaka ajvar, rojo la pilipili hizo, iwe nzito na mkono ufe ganzi. Ajvar hiyo ya kuuza ndiyo inayolipia safari ya familia, na ofisi ya basi ilitaka jibu, Vienna au Istanbul, jioni ile ile.

Watoto walikuwa wakibishana wiki nzima. Nevena, miaka kumi na saba, alitaka kuona majumba ya wafalme. Ognjen, kumi na tano, alitaka kula samaki kando ya daraja. Desanka alitaka kitu kimoja tu, na aibu ilimzuia kukisema: kukaa kitini, mahali popote, aletewe chakula na mtu mwingine. Tangu aolewe hajawahi.

Mumewe Ratko aliingia kutoka dukani, anakwepa macho yake.

"Umesema nini huko?"

"Mimi? Sijasema kitu. Nimesema labda. Labda Vienna."

"Dukani, Ratko? Umesema Vienna dukani?"

Mtu mwenye akili zake katika mji ule halitamki neno hilo dukani. Nusu ya mtaa wana mtoto Vienna, nusu nyingine wana dada, na wote wana cha kumpelekea. Desanka hajamaliza beseni la kwanza, geti likalia. Jirani yao Stojanka aliingia amekumbatia paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi.

"La mwanangu Dragiša. Huko anakula plastiki, maskini. Na msilisukumie chini ya kiti, linataka hewa."

Akafuata mzee Vidosav na chupa za rakija, pombe kali ya matunda, za kumpelekea dada yake. Akafuata mwalimu mstaafu na mto wa manyoya ya bata. Mto! Eti mito ya huko inamuumiza binti yake shingo.

Ratko alikuwa bado ameushika mto simu yake ilipolia. Ni binamu yake Živojin, kutoka Vienna kwenyewe. Habari zilikuwa zimeshatangulia. Ratko akabonyeza kwa kidole gumba, sauti ikajaa uani.

"Nasikia mnakuja! Hoteli ya nini, mtalala kwetu! Shemeji Desanka atupikie sarma, jamani, hatujala sarma ya maana tangu msiba wa shangazi. Nimeshawaalika watu. Ishirini hivi, si wengi. Nevena si amekua? Atamsaidia mama yake, na vyombo ataosha. Ognjen wangu nampeleka uwanjani, kuna mechi!"

Simu ikakatika. Desanka alihisi machozi yanamlenga, na hapakuwa na kitunguu cha kusingizia.

"Istanbul," Nevena akasema, safari hii taratibu.

"Vienna!" Ognjen akaruka chini. "Mechi!"

"Kigeugeu wewe!"

"Na wewe je? Majumba ya wafalme yamebomoka?"

Ratko akajifuta jasho kwa mto wa watu. Akimuudhi binamu, ukoo mzima utamsema. Akimuudhi binti, atanuniwa mpaka Krismasi. "Basi," akasema, "mama yenu ndiye atakayeamua."

Wote wakamgeukia. Desanka akafuta mikono kwenye aproni, mmoja, kisha wa pili.

"Istanbul tuna nani?"

"Nani kivipi?"

"Ndugu. Jirani. Hata mtu aliyekula kwenye harusi yetu."

Ratko akafikiri kwa dhati kabisa. "Hatuna mtu hata mmoja."

"Basi ni huko. Nenda kakate tiketi. Na ukipita dukani, pita umefunga mdomo."

Ratko akatoka mbio. Ognjen alinuna, akakumbuka samaki, akanuna kidogo zaidi kwa ajili ya heshima, kisha akaenda kurudisha mto. Stojanka hakungoja kurudishiwa. Alikuja mwenyewe, amefura kwa hasira, akalinyakua paja lake mezani.

"Istanbul! Mna nani huko?"

"Hatuna mtu, Stojanka." Desanka alilitamka polepole, kama anayetaja mali yake.

"Mtalala wapi?"

"Hotelini."

"Na nani atawapikia?"

"Simjui. Wala yeye hanijui."

"Ala! Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitakaa."

Upande wa pili wa ukuta jiko lake mwenyewe lilikuwa linafuka moshi, na mumewe anamwita, anauliza chumvi iko wapi. Stojanka akajishusha kwenye benchi, amepakata paja la nguruwe.

"Hilo basi," akauliza, macho kwa kuku, "limejaa?"

Istanbul yake isiyo na mtu Desanka alikuwa ameipata siku hiyo hiyo tu, na tayari inamegwa.

"Habari za Dragiša sitaki kusikia huko," akasema. "Hata neno."

"Hata neno," Stojanka akaapa.

Mume wa Stojanka akaita tena kuhusu chumvi. Wanawake wawili wakabaki wamekaa.