Uso Usiotaka Singo

Siku Shadya alipoutumbukiza mkebe wa krimu ya kujichubua kwenye shimo la choo alidhani yameisha. Wapi! Krimu haikuachi kwa sababu wewe umeiacha. Uso ulimwaka kama aliyepakwa pilipili, ukavimba, ukachubuka, na ulipotulia ukamwachia wekundu mashavuni na vimishipa vyembamba vilivyotambaa kando ya pua kama nyuzi za kitambaa kilichochakaa. Akiinamia jiko, unawaka. Akitoka juani, unawaka. Hata akicheka sana, unawaka, na msichana anayeogopa kucheka amebakiwa na nini?

Nesi Dorkasi wa kliniki ya ngozi, Msambaa wa Lushoto asiyejua kupaka maneno asali, alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hivi vimishipa vimeshapasuka, mdogo wangu. Havirudi. Kazi yetu sasa ni kulinda vilivyobaki."

"Nifanyeje, dada?"

"Uache uso wako. Maji ya vuguvugu, kwa kiganja tu, wala usiufute kwa taulo, uuguseguse mpaka ukauke. Mafuta mepesi yasiyo na harufu. Juani na mwavuli. Usisugue, usijifukize, usipake manjano wala karafuu wala limau, hata akikwambia nani. Ngozi yako imekuwa nyembamba kama ya kitunguu."

Shadya alifuata yote. Watoto wa chekechea aliokuwa akiwafundisha pale Mabawa walizoea kumwona na mwavuli, na mama yake, Bi Mwanamkasi, akamwondoa jikoni kabisa. Uso ukaanza kupoa. Rangi yake ya kuzaliwa ikawa inarudi polepole, na kwa Sele, mchumba wake, akasingizia jua. Maskini Sele alimjua akiwa mweupe, akamposa akiwa mweupe, na mama mtu alikuwa hachoki kuwasimulia majirani kwamba mwanawe kapata chombo cheupe pe. Basi Shadya alikuwa na siri mbili juu ya uso mmoja: weupe usio wake na ugonjwa usio wa jua.

Harusi ikakaribia, na Shangazi Kijakazi akaja kutoka Tongoni na kinu chake cha kutwangia singo ya kumsugulia bibi harusi.

Huyu shangazi si mtu wa kuelezwa kwa neno moja. Ndiye aliyemlea Shadya baba yake alipofariki, akamlisha, akamsomesha, akamchapa inapobidi. Tena ndiye somo aliyewasinga mabibi harusi wa pwani ile tangu Bi Mwanamkasi mwenyewe ni mwari. Na kitu kimoja alikichukia kuliko wizi: kujichubua. Aliwahi kumkuta bibi harusi mmoja vidole vyeusi uso mweupe, akakusanya vyombo vyake akaondoka katikati ya shughuli, na harusi ile imebaki hadithi hadi leo. Watu wetu hawasahau aibu ya mwenzao.

Ila siku hizi Shangazi alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akatembea kwa kushikwa mkono na vijukuu vyake, na alikwisha kusema kwamba Shadya ndiye mwari wake wa mwisho.

"Nitamwambia," Shadya alimnong'oneza mama yake uani. "Nitamwambia uso asiuguse."

"Utamwambia kwa sababu gani?"

Shadya akajigusa shavu.

"Ataondoka, Shadya. Nakwambia ataondoka na vijukuu vyake na kinu chake, na radhi yake ataondoka nayo. Aje nani akusinge? Watu watasema nini? Haoni, mwanangu. Vumilia, singo si moto."

Nani angemlaumu Bi Mwanamkasi? Mimi simlaumu, na bado namkasirikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kila mama wa mji huu anaijua methali hiyo, anawasomea wenzake.

Walimkalisha Shadya mkekani, kajifunga kanga, na chumba kizima kikanukia liwa, manjano na karafuu. Shangazi akaanza miguuni, akapanda mikononi, mgongoni, taratibu, akiimba kwa sauti yake iliyokwaruza. Mwili ulifurahia. Shadya alikwisha kuyapanga maneno: Shangazi, uso uache, nilikosa. Yalikuwa mdomoni kabisa pale vidole vya mzee vilipofika shavuni na kusimama.

"Subhanallah," Shangazi alisema. Akapapasa shavu la pili. "Mwanamkasi, njoo uguse! Wari wote nilowasinga, sijaona ngozi laini namna hii. Kama ya mtoto alozaliwa jana. Wa'mbieni hao wenye mikorogo yao, waje waone mwana alotunzwa!"

Ulaini ule ulikuwa wa ngozi iliyokwisha, lakini vidole vitajuaje? Machozi yalikuwa yanamlenga mzee kwenye yale macho yake ya maziwa. Shadya akayameza maneno. Akafumba macho, na Shangazi akachota singo kwa ukarimu wote wa mtu anayeaga kazi, akausugua ule uso. Akausugua kwa mapenzi, na hapo ndipo palipouma zaidi.

Kisha wakamfunika kanga juu ya chetezo, audi na moshi na joto vikamjia usoni. Hakupiga kelele. Aliing'ata kanga.

Siku ya harusi uso ulikuwa umeumuka, mwekundu, unachuruzika maji, malengelenge yametanda hadi kwenye paji. Mpambaji alijaribu poda, poda ikaganda, akaiacha, akamshushia shela haraka bila kumtazama Bi Mwanamkasi machoni. Shangazi aliketi kando ya kitanda, kavaa kanga mpya, anapokea shikamoo za wageni na kuuliza kila anayeingia, "Mmemwona mwanangu?"

Ndoa ikafungwa msikitini, Sele akaletwa chumbani kumpa mkewe mkono. Nyuma yake akaingia mama yake. Mama mkwe ndiye aliyelifunua shela.

Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika. Sele alitazama, na kwa kuwa hakujua la kufanya akafanya alilofundishwa: akanyoosha mkono amwekee kwenye paji la uso, aisome dua. Vidole vilipomgusa, Shadya akaruka nyuma.

"Kamkwepa bwana'ke!" mwanamke mmoja akasema.

"Kuna nini?" Shangazi akauliza, kageuza kichwa huku na huku. "Mbona kimya?"

Sele hakuondoa macho. "Nani kakufanya hivi, Shadya?"

Wote walisubiri. Shangazi naye alisubiri, kainama mbele, ile mikono yake imekaa magotini. Bado ilikuwa na umanjano kwenye kucha. Kusema "singo" kungekuwa kumuua mzee mbele za watu. Kunyamaza kungekuwa kumkataa mume. Kwa mara ya kwanza tangu krimu ya kwanza, Shadya akaona hana pa kujificha.

"Mimi mwenyewe," akasema. "Nilikuwa najichubua. Tangu kabla hujanijua. Hii ndiyo ngozi niliyobaki nayo."

"Ah!" mama mkwe akasema, polepole, kama anayeonja. "Kumbe uzuri wa mkakasi."

Bi Mwanamkasi alijifunika uso kwa ushungi. Shadya hakumtazama yeyote ila Shangazi. Aliingoja hasira, aliingoja fimbo, hata laana angeipokea. Midomo ya mzee ilicheza, kisha mabega yake yakashuka na uso ukamkunjuka.

"Alhamdulillahi," akasema Shangazi Kijakazi kwa sauti iliyosikika hadi barazani. "Basi si mikono yangu."

Akasimama, akapapasa ukuta, akauliza mlango uko wapi. Hakuna aliyemshika mkono. Sele naye akauinua wake tena juu ya paji la mkewe, akausimamisha hewani pasipo kugusa, akaisoma dua hadi mwisho. Shadya alikaa chini ya mkono ule asijue kama anahurumiwa au anaonewa kinyaa, na hakuthubutu kuinua macho aone.