Vidonge vya Kopo Moja

Majibu ya damu yalikuwa yanamtia Zuhra wazimu. Mwaka mzima utafiti wake pale kituo cha afya cha Runzewe ulitafuta jambo moja tu: kidonge cha kupunguza mafuta kwenye damu kinawafaa vipi wenye kisukari cha aina ya pili? Nusu ya wagonjwa walipewa chenye dawa, nusu kitupu, na hakuna aliyejua kapata kipi. Basi ilitakiwa wengine washuke, wengine wabaki palepale. Wapi. Mafuta ya kila mtu yalishuka kidogo, na hakuna aliyeshuka hasa.

Wakubwa wa Dar walishampigia simu. Asipopata maelezo, kituo kinafungwa, na vipimo vya bure ndiyo basi tena.

Akaenda nyumbani kwa Majaliwa, mfanyabiashara wa mpunga, ambaye wake zake wote wawili walikuwa kwenye utafiti.

"Shikamoo, Mama Nasibu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

Zuhra aliomba kuona dawa zao. Chupa mbili zilikuwa zimeoshwa, zimeanikwa juani. Vidonge vyenyewe vilikuwa ndani ya kopo moja la siagi, vimechanganywa kama maharage.

"Mama, si nilieleza? Kila mtu na chupa yake."

"Ulieleza vizuri tu," alijibu Mama Nasibu, mke mkubwa, bila wasiwasi. "Ulisema kuna vyenye dawa na kuna vitupu. Sasa nyumba hii mume analala kwa zamu. Kitenge kikiletwa kwangu, na cha Mwaisha kipo. Leo mimi nimeze dawa, mwenzangu ameze chokaa, tutatazamana vipi? Tukachanganya. Kila mmoja anachota bahati yake."

"Ni nyie tu?"

"Tuliwaambia na wenzetu pale kliniki. Kila mtu akatafuta mwenzake wa kuchanganya naye."

Jamani. Mwaka mzima wa kutoboa watu vidole na kubembeleza, umeishia kwenye kopo la siagi. Zuhra alitamani kulipiga teke. Akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kwamba sasa kituo kitafungwa, hakuna vipimo, hakuna vidonge, na hakuna atakayejua kama dawa hiyo ingewafaa watu kama wao.

Mwaisha, mke mdogo, alikuwa akipepeta mchele muda wote. Akauweka ungo chini.

"Pole, daktari. Tumekuharibia kazi. Lakini niambie, ulipotupa zile chupa, kati yangu na dada, ulitaka nani akose?"

Jibu Zuhra alikuwa nalo. Kompyuta ndiyo huchagua, si mtu. Alishawaambia wagonjwa wangapi sijui. Leo aliinama tu alichukue kopo, maana ilikuwa lazima lirudishwe kituoni.

"Tuachie basi japo vya kesho," alisema Mama Nasibu. "Viwili tu. Kimoja changu, kimoja chake."