Siku Barafu Alipokataa Kushinda

Barafu hakupenda mambo ya kuvutavuta. Jina hilo alibandikwa na magazeti, kwa kuwa mbele ya ubao wa sataranji uso wake haukusema kitu, hata alipokuwa hatua mbili tu amfunge mtu mfalme wake. Alishika ubingwa wa taifa miaka kumi na mmoja mfululizo, na karibu kila mara alirudi nyumbani jua lingali juu. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu mwanangu hata tumboni hakukaa miezi tisa."

Aliyemfundisha ni kaka yake, mpiga chapa. Enzi hizo hawakuwa na kete, basi kaka alileta herufi za risasi za kupigia chapa, zilizochakaa, kutoka kiwandani: M akawa mfalme, F farasi, na askari wote wanane wakawa vituo vya kumalizia sentensi. Binti wa miaka saba alimshinda kaka wa miaka kumi na tisa kabla mwezi haujaandama. Kaka alicheka hadi akakohoa, kisha akamshika mkono akampeleka kwenye klabu ya watu wazima.

Siasa hazikuwa zake. Hizo zilikuwa za kaka. Uchaguzi wa baraza la mji ulipoahirishwa mara ya kwanza, kaka alinung'unika. Mara ya pili aliandika barua gazetini. Mara ya tatu alichapa vipeperushi vyenye swali moja tu, "Lini?", na asubuhi moja akachukuliwa kiwandani, mikono ingali na wino.

Siku hiyo Barafu alikuwa ughaibuni, katika fainali ya bara. Alishinda. Habari za kaka alizipata kwa simu ya mama akiwa anapanda ndege, na saa nne nzima angani hakugusa chakula. Alipotua alimkuta waziri wa michezo na maua, bendi, na kamera tano.

"Bingwa wetu," waziri akasema, akimpa kipaza sauti, "waambie wananchi unajisikiaje."

"Nimefurahi," Barafu akasema. "Na kaka yangu yuko mahabusu kwa kuuliza uchaguzi utafanyika lini. Mheshimiwa, na mimi nauliza. Lini?"

Bendi ilikuwa bado inapuliza. Waziri alitabasamu kama mtu aliyeng'ata pilipili mbele ya wakwe.

Wiki iliyofuata chama cha sataranji kilimvua ubingwa, eti amechanganya michezo na siasa. Aliisoma barua hiyo jikoni kwa mama, mara mbili. Moyo ulimwenda mbio kuliko fainali yoyote, na cha ajabu, haikuwa hofu.

"Wamesema nimechanganya," alimwambia mama.

"Umechanganya?"

"Bado. Lakini si wazo baya."

Ndipo akaenda kwa wakili wa kaka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha jengo. Wakili alimweleza kwamba sheria ilikuwa na mlango mmoja: wananchi elfu hamsini wakitia saini ndani ya siku tisini, kila mmoja mbele ya shahidi, baraza hulazimika kuitisha uchaguzi. Wapendao kusaini walikuwa tele. Shida ilikuwa kwamba kila palipojipanga watu, polisi walisema huo ni mkutano usio na kibali, wakautawanya. Siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili, na saini hazijafika elfu arobaini na moja.

"Na mashindano ya michezo?" Barafu akauliza. "Nayo yanataka kibali cha polisi?"

Wakili alifungua kitabu, akapekua, akapekua tena. Halafu akavua miwani. "Barua ya taarifa tu, ofisi ya michezo. Dada yangu, wewe ni mtu hatari."

Karani wa ofisi ya michezo aliigonga barua muhuri bila kufika aya ya mwisho, akaomba wapige picha pamoja.

Basi Jumamosi ya mwisho, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya tisini na fomu zilitakiwa zifike mahakamani kabla ya saa kumi jioni, uwanja wa mbele ya soko uliamkia madawati ya shule, mbao sitini za sataranji, na tangazo: Barafu peke yake dhidi ya watu sitini kwa mpigo. Kila mbao mbili palikaa mwanafunzi wa sheria na fomu zake. Anayetaka kucheza au kutazama apange foleni. Anayetaka kusaini, fomu hizo hapo. Kufikia saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imelizunguka soko na kujikanyaga mkia.

Barafu alianza kwa kasi aliyoizoea. Anasogeza kete, anapiga hatua, anasogeza, anapiga hatua. Saa tatu haijafika alikuwa ameshawaona saba ambao angewamaliza kwenye mzunguko unaofuata. Ndipo magari mawili ya polisi yakasimama, akashuka inspekta mrefu, mwenye kitambi cha wastani na macho ya kuchoka.

"Nani mwenye mkutano huu?"

"Hapa hakuna mkutano, afande," wakili akasema, akimpa karatasi. "Ni mashindano. Muhuri huo hapo."

Inspekta aliisoma yote, tofauti na karani. "Sawa. Waliokaa wacheze, wengine watazame. Wachezaji wapya hapana. Mchezo ukiisha, uwanja mtupu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Barafu akajibu.

Inspekta hakujua alichompa. Au alijua. Barafu alimtazama wakili, wakili akamwonyesha daftari: bado elfu nane na mia mbili. Mchezo ukiisha. Basi mchezo usiishe.

Alirudi ubao wa kwanza, kwa fundi baiskeli aliyekuwa ameacha malkia wake uchi. Mkono wa Barafu ulikwisha kumfikia. Miaka yote hiyo ulikuwa haujawahi kurudi bure. Akaurudisha, akasogeza askari mmoja pembeni kabisa.

Fundi baiskeli akanong'ona, "Dada, malkia wangu hujamwona?"

"Nimemwona. Wewe fikiri, usiwe na haraka. Mwenda pole hajikwai."

Fundi alitazama foleni, akatazama fomu, na taa ikamwakia kichwani. Akamgeukia jirani yake. "Fikiri," akamwambia. Neno likapita dawati hadi dawati. Watu sitini walishika videvu. Mtu mmoja alifikiri hatua ya farasi kwa dakika kumi na tano, na hakuwa hata na farasi.

Lakini kuchelewesha kulikuwa kazi ngumu kuliko kushinda. Ilimbidi Barafu avunje mashambulizi yake mwenyewe, alinde wafalme wa wenzake, abaki na kete za kutosha kila ubao. Jasho lilimtiririka mgongoni, na ndani alikuwa akiruka kama mtoto. Saa sita: elfu nne bado. Saa saba na nusu: elfu mbili.

Inspekta alikuwa akimfuata nyuma, mikono mgongoni. Kwenye ubao wa thelathini na moja alikohoa. "Hapo ungemfunga."

Barafu aligeuka. "Unacheza, afande?"

"Zamani, chuoni."

"Basi hilo sikuliona."

Walitazamana. "Mimi," inspekta akasema taratibu, "nilishasema nitasubiri mchezo uishe." Akaenda kukaa kivulini, akaomba maji.

Ubao wa hamsini, mwalimu mstaafu alisogeza ngome, akaondoa mkono. Barafu alitazama ubao, akatazama tena. Amefungwa.

"Umeniachia?" mwalimu akauliza kwa kutia shaka.

"Hapana, mama. Umenishinda kweli, na imeniuma kweli." Akampa mkono. Mwalimu alisimama akatazama huku na huku, kama anayetafuta mtu wa kumsimulia.

Saa tisa na dakika tano wakili aliinua daftari juu. Elfu hamsini na mia tatu. Barafu alivuta pumzi, akaanza kupita mbao kama upepo: mfalme, mfalme, mfalme. Waliofungwa walipiga makofi wenyewe.

Masanduku yalifika masjala ya mahakama saa kumi kasoro dakika nne. Karani wa hapo aliitazama saa ya ukutani, akaitazama yake ya mkono, akaguna, akagonga muhuri.

Uchaguzi uliitishwa baada ya miezi mitatu. Kaka aliachiwa wiki mbili kabla yake, mwembamba, mwenye maneno yaleyale. Barafu aligombea kata yake akashindwa na muuza vyuma kwa kura mia moja na sita. Aliomba zihesabiwe upya, zikawa mia moja na tisa. Alicheka hadi mama akaja kuona kuna nini, kisha akauliza ratiba ya vikao vya baraza. Vilikuwa wazi kwa wananchi. Kikao cha kwanza alifika nusu saa mapema, yeye na kaka, wakakaa mstari wa mbele na madaftari.