Mistari Mitatu ya Kikaushio cha Camaquã

Jumatatu Henrik alituma barua pepe kwenye orodha yetu ya watunzaji, nayo ilikuwa fupi: "Kuna mtu bado anatumia kichakataji cha Tapera? Kama hayupo, nafuta msimbo wake wote kwenye toleo lijalo."

Henrik ndiye msimamizi wa kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa inayoamsha kompyuta na kuzungumza na vyuma vyake. Kila aina ya kichakataji, ule ubongo wa kompyuta, ina folda yake humo, na mtunzaji wake. Folda ya Tapera ni yangu, miaka kumi na tisa sasa. Kila toleo jipya wakubwa wanabadilisha sehemu ya pamoja, nami nashona viraka upande wangu ili Tapera isiachwe nyuma. Halipwi mtu. Naipenda kazi hii, basi.

Niliwaka kwa hasira. Kisha nikakumbuka jambo likanitoa jasho: kompyuta yangu ya Tapera ilikufa mwaka jana, na kwa matoleo manne nilikuwa najaribu kwenye programu inayojifanya Tapera. Chini ya kila kiraka niliandika "Imejaribiwa na: Leomar". Kwetu mstari ule ni kiapo.

Mashine nzima niliyoijua ilibaki moja tu, huko mji wa Camaquã, inaendesha kikaushio cha mpunga cha ushirika. Kesho yake asubuhi nikapanda basi.

Dona Zulmira, fundi wa kikaushio, alinipokea na kibuyu cha mate mkononi, ile chai chungu ya huko inayonyonywa kwa mrija.

"Mashine yangu inafanya kazi tangu hujaota mvi," alisema. "Unataka kuigusa ya nini?"

"Nijaribu toleo jipya tu, mama. Diski yako naitoa, naweka yangu. Nikimaliza narudisha."

"Maneno hayo hayo aliyasema fundi wa paa. Mpaka leo panavuja."

"Mavuno si yameisha?"

"Yameisha, ndiyo maana sijakufukuza. Kunywa mate kwanza."

Nikachomeka diski, nikawasha. Skrini ikaandika mstari mmoja, ikanyamaza. Nikarudia, vilevile. Dona Zulmira alinyonya mate mpaka mrija ukakoroma.

"Ndilo jipya hilo? La zamani angalau linaamka."

Nilirudi nyuma toleo moja moja mpaka nikamkamata mkosaji, naye ni mimi. Mwaka jana niliona mistari mitatu inayosoma kumbukumbu ile ile mara mbili bila kufanya lolote na ilichosoma. Aliyeiandika hakuacha maelezo. Nikaiona takataka, nikaifuta. Ile programu ya kuigiza haikujali, lakini chuma halisi kilihitaji nafasi ya kuvuta pumzi, na kusoma kule mara mbili ndiko kulikokipa. Niliirudisha mistari, Tapera ikaamka, feni zikavuma, nami nikacheka peke yangu.

Furaha haikudumu. Kama matoleo manne yalikuwa mabovu na hakuna aliyelalamika, si ndiyo hoja yenyewe ya Henrik? Ningeweza kuirudisha mistari kimyakimya, niandike "usafi kidogo". Nani angejua?

"Imeamka, mbona umenuna?" Dona Zulmira aliuliza. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo uliapia kitu ambacho hukukiona."

"Ndiyo, mama."

"Basi sema. Mimi nikiunguza mpunga nasema kabla hawajanusa."

Nikakaa juu ya gunia, nikaandika ukweli wote, nikatuma. Jibu lilikuja tukiwa tunakula wali na maharage meusi:

"Nilidhani huko hakuna mtu. Leo nimepata lalamiko la kwanza la Tapera baada ya miaka, na lalamiko lina mwenyewe, basi sifuti. Mtie jina mwenye mashine kwenye kiraka, ili nikitaka kufuta nimuulize yeye. Na wewe Leomar, usirudie."

Nilistahili. Nikamsomea Dona Zulmira.

"Nikitia jina, ikiharibika si watanishika mimi?"

"Hawakushiki. Ila hakuna atakayeifuta bila kukuuliza."

"Hata huyo mkubwa?"

"Hata yeye."

Akafuta mikono, akajiweka sawa kama anapigwa picha. "Andika lote. Zulmira Fagundes Garcez. Usikate."

Nikaandika kwamba kimejaribiwa na yeye, jina langu nikaliacha nje. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwaka mzima. Nikanyoosha mkono kuichomoa diski yangu, akanipiga kofi vidoleni.

"Iache humo humo. Toleo lingine lini?"

"Wiki kumi."

"Basi uje. Jina langu siliweki kwenye kitu nisichokiona."