Mwalimu wa Kwaya na Madereva

Mkurugenzi wa idara ya nchi jirani, pale Wizara ya Mambo ya Nje, aliimba sauti ya nne kanisani kwao, na aliiimba vibaya. Mwalimu wa Kwaya alimweka safu ya nyuma kabisa, karibu na dirisha, akamwambia bila kumung'unya maneno, "Mzee, wewe fungua mdomo tu, sauti waachie wenzako." Wanakwaya walicheka, naye akacheka. Hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyeweza kumwambia hivyo. Wizarani alikuwa akiingia chumbani watu wanasimama.

Mwalimu wa Kwaya alikuwa mgeni katika nchi ile. Upande wa pili wa mpaka alikuwa mtangazaji wa redio. Asubuhi moja alisoma hewani majina ya watu waliopigwa risasi kwenye maandamano, na kabla jua halijazama alikuwa ameshavuka mpaka kwa miguu na nguo alizovaa. Mkurugenzi ndiye aliyehangaika mpaka akatambuliwa kuwa mkimbizi, na ndiye aliyemwombea kwa Mchungaji chumba kidogo nyuma ya kanisa. Kutoka hapo wakawa marafiki, wa kutaniana na kubishana juu ya mahubiri.

Kisha ile nchi jirani ikawakamata madereva wa malori ya mafuta waliokuwa wanarudi nyumbani na matangi matupu. Ikasema ni majasusi. Miongoni mwao alikuwemo mdogo wake Mkurugenzi, mtoto wa baba na mama mmoja. Alikuwemo pia Babu Spana, dereva mkongwe aliyemfundisha huyo mdogo mtu kazi, na ambaye wenzake walisema anaweza kufufua injini kwa kipande cha waya na matusi mawili matatu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Waziri alimwita Mkurugenzi ofisini kwake, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Wamekubali kuwaachia madereva," alisema. "Wote."

Mkurugenzi alishusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani siku nyingi. Halafu akaona Waziri hafurahi.

"Wanataka nini, Mheshimiwa?"

"Wanamtaka mtangazaji wao."

Mkurugenzi alikaa bila kukaribishwa. "Wakimpata watamuua."

"Wanasema watamfikisha mahakamani."

"Na wewe unaamini?"

Waziri aliangalia dirishani, kule madereva wa wizara walikokuwa wakifuta magari. "Siamini. Usinilazimishe kusema mara mbili." Akageuka. "Mimi nami nasali, usidhani Mungu ni wa kanisani kwenu peke yenu. Lakini nikipiga magoti nawaona wake za hao madereva. Wale wananidai ulinzi. Yeye ni mgeni wetu, nampenda kama ninavyowapenda wageni, lakini hakunichagua."

"Amekosa nini?"

"Na madereva wamekosa nini?"

Waziri akashusha sauti. Polisi wakimkamata mtu kanisani, alisema, picha zitazagaa dunia nzima na heshima ya nchi itakwenda na maji. Ila Mkurugenzi akimwambia kuna karatasi za kutia sahihi wizarani, atakuja mwenyewe, tena kwa furaha. Kesho mchana. Gari litakuwa mlango wa nyuma.

"Nikikataa?"

"Nitatuma wengine keshokutwa, na kelele zitakuwepo. Nimekupa nafasi ya kulifanya kwa heshima." Alionekana amechoka kuliko umri wake. "Na kama madereva hawatarudi, kwa shemeji yako utakwenda wewe. Mimi siendi."

Mkurugenzi alirudi mezani kwake akampigia simu mwenzake wa upande wa pili, bwana mpole waliyezoeana katika mikutano mingi. Akamtajia ngano yao iliyokwama bandarini; ingeweza kutoka kesho yake, bila masharti. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu yangu, ngano tutaipata kwingine," alisema. "Huyo mtu wakubwa wangu wanamwota. Mimi ni mjumbe tu, kama wewe."

Neno lile la mwisho lilimuuma. Alifika nyumbani akamkuta shemeji yake, mke wa mdogo wake, amekaa na mkewe jikoni wakimenya viazi.

"Shemeji, habari za huko kwa wakubwa?"

"Tunaongea nao."

"Mnaongea," alisema shemeji, kisu kikiendelea kuzunguka kiazi. "Nyie kazi yenu kuongea, mimi kazi yangu kusubiri. Tubadilishane basi hata wiki moja. Mimi nikaongee, wewe usubiri, tuone nani atachoka kwanza."

Mkewe alicheka. Mkurugenzi alijitahidi kucheka, uso ukakataa. Alisingizia simu, akatoka nje akasimama ukutani kama mtu aliyefungiwa. Kichwani alimkabidhi Mwalimu, akasikia vibaya. Kichwani alimwacha, akamwona mdogo wake kwenye sakafu ya gereza, akasikia vibaya vilevile. Kila alikogeuka alikuta mtu anayempenda amesimama, na ili apite ilibidi amkanyage.

Alikwenda kwa Mchungaji, akamkuta chumba cha nyuma ya madhabahu anapiga pasi joho lake. Mchungaji alisikiliza huku akinyoosha mikono ya lile joho, kisha akaisimamisha pasi.

"Nikikwambia usifanye, nasema kitu chepesi kwangu, kwa sababu si mimi nitakayekaa meza moja na shemeji yako. Nikikwambia fanya, nilivue joho hili nisilivae tena."

"Kwa hiyo unasema nini?"

"Nasema kumdanganya mtu anayekuamini ili akauawe ni dhambi, hata kama itawaokoa watu mia. Hapo sipunguzi. Lakini pia sitakudanganya kwamba madereva wakifa wewe utakuwa hujahusika. Utahusika. Tangu umeanza kuongea natafuta mlango wa kukutoa humu bila kuumia, na sijauona."

"Basi niombee."

"Hilo nitafanya," alisema Mchungaji. "Ila usije ukaniambia maombi yangu ndiyo yaliyoamua."

Kesho yake, kabla ya mchana, Mkurugenzi alimkuta Mwalimu wa Kwaya anapanga viti vya mazoezi. Alifunga mlango wa kanisa, akamweleza kila kitu: madereva, mdogo wake, karatasi za uongo, gari mlango wa nyuma. Hakujitetea. Alidhani kusema kweli kutampunguzia uzito.

Mwalimu alimsikiliza ameshika kiti kwa mikono miwili. Alipokiweka chini, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Na sasa unataka nifanyeje?"

"Nimeona ni haki yako kujua."

"Hapana, Mzee. Umeniletea mzigo wako." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya redioni. "Nikikimbia, damu ya madereva ni yangu. Nikijitoa, jioni utasema alikwenda kwa hiari yake, mtu mwema yule, na usingizi utakuja. Vyovyote vile wewe unatoka hapa umeoga."

"Sikukusudia hivyo."

"Najua hukukusudia. Ndiyo maana inaniuma zaidi." Alikaa, akaupitisha mkono usoni. "Mimi naogopa kufa. Nilikuja hapa kwa sababu naogopa. Nikikaa hapa dakika chache zaidi naweza kujiona mtakatifu nikakwambia twende, kisha njiani nitajuta, nawe utakuwa umeshafunga milango ya gari. Usinipe mimi niamue. Nimeshaamua mara moja maishani, ukaona ilivyonifikisha. Amua wewe, kwa jina lako."

Mkurugenzi alisimama pale kati ya viti. Hakusikia sauti yoyote kutoka juu, wala hakupata ile amani ambayo watu husimulia kwenye ushuhuda. Alijua jambo moja tu: mkono uliompokea mtu huyu mpakani ulikuwa wake, na hauwezi kuwa huohuo wa kumrudisha. Alijua pia kwamba jambo hilo halimtoshi shemeji yake.

"Chukua koti lako," alisema.

Alimpakia kwenye gari la wizara, lile lenye namba ambazo askari wa barabarani husimama kuzipigia saluti, akampeleka mpaka kwenye ubalozi wa nchi ya mbali ambayo zamani ilikuwa imekubali kumpokea. Mlinzi aliona namba akafungua geti. Pale mlangoni Mwalimu alimtazama kama anayetaka kusema asante, kisha akaona haifai, akamshika tu bega na kuingia.

Waziri alikuwa bado anasubiri. Aliposikia, hakufoka.

"Umejisafisha," alisema. "Hongera. Acha funguo za gari kwa katibu wangu."

Mkurugenzi hakurudi tena ofisini. Alikwenda kwa shemeji yake kwa miguu, akamweleza mwenyewe, wamesimama sebuleni. Shemeji hakulia, hakumtukana. Aliuliza kitu kimoja.

"Jana nilipokutania pale jikoni, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha nitanie." Alifungua mlango, akasubiri mpaka Mkurugenzi alipotoka.

Mwalimu wa Kwaya alisafirishwa. Hakuandika, wala Mkurugenzi hakutegemea aandike. Upande wa pili wa mpaka waliwahamishia madereva gereza la mbali na kuwakatia simu. Kanisani, wake wengine wa madereva waliacha kukaa benchi la Mkurugenzi. Mkewe aliendelea kukaa naye, lakini siku moja, wakitandika kitanda, alimwambia, "Mimi najua hukuwa na njia nzuri. Ila nikienda kwa mdogo wako, simu ikilia pale, nakuchukia kidogo. Nimeona nikwambie." Mkurugenzi alimshukuru. Ilikuwa kweli, na kweli zilikuwa zimeadimika.

Mvua zilipita, zikaja nyingine. Ile nchi jirani ikaihitaji bandari, wakubwa wakakutana, wakapeana mikono mbele ya kamera, na madereva wakarudi. Walirudi wote isipokuwa Babu Spana. Mguu wake ulikuwa umevimba huko gerezani, na daktari hakuitwa.

Mdogo wake Mkurugenzi alimfuata siku ya pili, mchana. Alikuwa amekonda, shati la zamani likimning'inia. Alikataa maji, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Kaka, kule ndani kila mlango ulipofunguliwa niliwaambia wenzangu, huyo ni kaka yangu, yuko wizarani, ametutoa. Babu Spana alinitania, akasema kaka yako anatembea kwa magoti. Lakini naye alikuwa anageuka kuangalia." "Ni kweli kwamba ungeweza kututoa?"

"Ni kweli."

"Ikirudi leo, ungefanya hivyohivyo?"

Mkurugenzi alifikiria kusema hajui. Lingekuwa jibu la kupoza, na mdogo wake alikuwa amelisafiria jibu kutoka mbali.

"Ningefanya hivyohivyo," alisema. "Na ningekuwa nimewakosea ninyi hivyohivyo."

Mdogo wake alitikisa kichwa polepole, akainuka. "Basi usije kwangu kwa sasa. Sisemi milele. Kwa sasa." Alipofika mlangoni alisimama kama aliyesahau kitu, kisha akaondoka.

Wiki iliyofuata mjane wa Babu Spana alikuja, mama mnene mwenye sauti kubwa, ambaye siku hiyo alinong'ona. Mkurugenzi alianza kuomba radhi, naye akamkatisha.

"Sikuja kwa ajili ya hayo. Hayo tutayaona, au hatutayaona. Mume wangu wamemzika kule uani mwa gereza, na mimi namtaka. Wizarani wamenizungusha. Wewe hao watu wa upande wa pili ulikuwa unakula nao, namba zao unazo."

"Sina tena ofisi, mama. Hawatanisikiliza."

"Wasikusikilize. Wewe piga."

Alivuta kiti akakaa karibu na simu, mkoba mapajani, kama mtu ambaye hana safari nyingine. Mkurugenzi alipiga. Iliita mpaka ikakatika. Mjane hakusogea, naye akapiga tena.