Hopi ya Kisimani

Zdislava alimwaga mafungu matatu ya maua makavu ya hopi, yale yanayoipa bia uchungu na harufu, juu ya meza ya jikoni, akamwita baba yake aje kunusa. Mvua ya mawe ilikuwa imelaza mashamba yote ya bonde la Žatec, na hopi nyekundu ya kwao, kidogo iliyosalia, ilichukuliwa yote na viwanda vya bia. Anayejipikia bia nyumbani alibaki kutafuta mbadala. Uchungu haukumpa shida, kwa sababu uchungu ni wa kupima tu: hopi kali unatia kidogo, hopi pole unaongeza. Harufu ndiyo haina ujanja. Na baba yake, mzee Vendelín, asingekunywa bia yenye harufu ya ugenini siku yake ya kuzaliwa, ambayo daktari alishadokeza kuwa huenda ikawa ya mwisho.

Mzee alisugua fungu la kwanza viganjani, akaingiza pua. Lilikuwa la Slovenia.

"Sabuni ya hotelini," alisema.

La pili lilitoka ng'ambo ya milima, Ujerumani. Muuzaji aliapa kwamba ile ni ndugu wa damu wa hopi yao. Mzee aliposikia ilikotoka hakuligusa. La tatu alilisugua, akanusa, akanusa tena.

"Hii hapa. Hii ndiyo bia ya nyumba hii. Umeipata wapi, mwanangu?"

Zdislava alijibu kwamba kapewa na mtu. Kwa kweli aliichuma nyuma ya nyumba, kwenye mmea uliotambaa juu ya kisima. Hopi mwitu hairuhusiwi bonde lile, maana inachafua ya mashambani. Kila mwaka mzee aliung'oa kwa jembe, na kila kiangazi ukarudi.

Bia ilikaa wiki zake chini ya nyumba. Jioni ya sikukuu ya mzee Zdislava alimimina bilauri mbili. Povu lilipotulia bilauri zilikuwa tatu, na mwanamke mwenye aproni ya buluu alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na jiko. Zdislava akamsogezea mkate na soseji, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Mwanamke alisema anaitwa Otilie. Alionja.

"Si mbaya. Ila hopi yangu haitaki kuchemshwa sana, mwanangu."

Kisha akainuka kutafuta kisu. Droo ya visu na vijiko ilikuwa inakwama tangu Zdislava azaliwe, na mzee alizoea kuipiga teke. Otilie aliiinua kidogo kabla ya kuivuta, ikafunguka. Alikata mkate, akamgeukia mzee.

"Ile supu uliimaliza?"

Zdislava aliijua habari ya nyumba yao kama anavyolijua jina lake. Vita vilipokwisha, Wajerumani wa kijiji waliondoka kwa hiari yao. Baba yake, mtoto mdogo wakati huo, aliingia na wazazi wake wakakuta buibui na paka. Supu haikuwamo.

"Supu gani, Baba?"

"Nyumba ilikuwa tupu," alisema mzee.

"Ya viazi," alisema Otilie, bila hasira. "Askari walitupa robo saa tufunge mizigo. Sufuria ilikuwa bado motoni. Wewe ulisimama pale langoni na kijiko mkononi, unangoja nitoke."

Aibu ilimpanda Zdislava mpaka masikioni. Alingoja baba yake aseme neno, lolote, hata la kukana vizuri zaidi. Mzee alimaliza bilauri yake, akapangusa povu mdomoni.

"Bia nzuri," alisema.

Otilie alilala kwenye banda la kukaushia hopi. Jioni iliyofuata alibisha hodi mlango wa jikoni, akangoja afunguliwe, akapewa bia tena. Jirani aliyekuja kuazima ngazi alimsalimu na kuuliza kama ni wa ukoo. Zdislava akaenda kumletea ngazi.

Siku ya tatu mzee alimfungulia mwenyewe. Mkono mmoja alishika fimbo, wa pili jembe.

"Kule kisimani," alisema. "Mmea ule ni marufuku."

Otilie alilipokea jembe. Aliutazama mpini, akasema mumewe ndiye aliyeuchonga, akaenda. Zdislava alisimama dirishani na kitambaa cha vyombo. Nyumba ingekuwa yake kabla mwaka haujaisha, na alijua kwamba kutoka mlangoni hadi kisimani si mbali. Hakutoka. Otilie alichimba vizuri kuliko mzee, akaufikia mzizi wenyewe, akaung'oa. Alisafisha jembe kwa majani, akalitundika kwenye msumari wake, akawatakia usiku mwema na kupita langoni.

Mmea haukurudi tena. Bia iliyobaki waliinywa mpaka Krismasi, na mzee aliisifu kila jioni. Zdislava alipoandaa meza aliiinua droo kidogo kabla ya kuivuta, ikafunguka. Akatoa kijiko, akampakulia baba yake supu.